Karatasi za Kwenda Bungoma

Wiki iliyopita mwanamke mmoja anayeuza karibu na ofisi yetu alinifungia mandazi mawili kwa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mtoto. Si jambo la ajabu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, wauzaji wengi wamerudia karatasi. Lakini nilipokipokea kile kifurushi kikiwa moto kiganjani, mafuta yakianza kupenya na wino wa bluu ukitawanyika kama moshi, harufu ile ya unga, mafuta na wino ilinipanda puani nikashindwa kula. Nilisimama kando ya barabara, mtu mzima na mkoba wangu begani, nikisoma hesabu za kugawanya za mtoto nisiyemjua, nusu yake ikiwa imekosewa, mpaka mandazi yakapoa.

Watu huniuliza ni nani aliyenifundisha kuandika kila siku. Siwezi kuanza kazi yoyote kabla sijajaza karatasi moja kwa chochote kinachokuja, bila kupanga, bila kufuta. Huwa nawajibu kwamba ni mazoea tu. Ukweli ni kwamba nilifundishwa na karai la mafuta.

Mama yangu aliuza chai na mandazi Kitale, kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara wanayoondokea watu wa kwenda Bungoma. Tulikaa wawili tu, chumba kimoja, upande wa Kipsongo. Hakukuwa na mtu wa kuniachia, kwa hiyo kila alfajiri, saa kumi na moja, alinivuta blanketi, akanivalisha sweta ya shule, tukatoka. Yeye alibeba beseni la unga uliokandwa kichwani. Mimi nilibeba koroboi kwa mkono mmoja na mfuko wa magunzi ya mahindi kwa mwingine. Waliokulia Kitale wanaijua baridi ile. Ukungu uliteremka mpaka ukakaa juu ya lami, na mbwa wa sokoni walilala wamejikunja juu ya majivu ya moto wa jana. Nilikuwa darasa la nne, na kitu nilichokitaka kuliko vyote duniani kilikuwa kulala.

Magunzi huwaka vizuri lakini huisha upesi. Mama alikuwa akikata unga, akigeuza mandazi na kulisha moto, vyote kwa pamoja. Mimi nilikaa juu ya kreti la soda karibu na joto, na joto likanilaza. Asubuhi moja nilisinzia kichwa kikaenda mbele. Nilishtuka mama akiwa amenishika kola ya sweta, na uso wangu uko juu ya karai, karibu kiasi kwamba nilisikia mafuta yakinitekenya mashavu. Alinivuta nyuma tukaanguka wote wawili. Hakunipiga. Alikaa pale chini kwenye mavumbi amenikumbatia mpaka mandazi yaliyokuwa kwenye karai yakaungua.

Kisha akainuka, akaenda kwenye rundo la karatasi za kufungia, akachomoa moja. Zilikuwa karatasi za mitihani ya zamani, alizopewa na karani wa shule fulani, zimechapwa upande mmoja tu. Akanigeuzia upande mweupe na kunipa kalamu aliyoitoa kwenye nywele zake.

"Andika," akaniambia.

"Niandike nini?"

"Chochote. Mimi sitaki kujua. Andika tu. Hiyo karamu ikisimama, nitajua umelala."

Mama, kama watu wengi wa kwao Bungoma, alizibadilisha l na r apendavyo. Shuleni mwalimu alitufundisha kwamba karamu ni mkutano wa watu wengi wanaokula na kunywa. Mimi nikaamini kwamba ni neno moja, kwamba chombo cha kuandikia na mlo wa wageni vilipewa jina lile lile kwa makusudi. Sikuona ajabu. Mimi niliandikia kando ya karai.

Siku za kwanza niliandika majina ya vitu nilivyoviona. Moto. Karai. Mama. Mwiko. Mbwa. Vitu vikaisha kabla mandazi hayajaiva. Nikaanza kuandika *sijui, sijui, sijui*, mstari mzima, kwa sababu kalamu haikutakiwa kusimama. Na hapo ndipo jambo lilipotokea ambalo hata leo silielewi vizuri. Katikati ya hizo sijui, mkono ukaandika wenyewe: *sijui kwa nini kuku wa jirani hana mkia*. Nikashangaa. Sikuwa nimemfikiria kuku yule. Nikalazimika kuendelea ili nijue mkia ulikwenda wapi, na kabla sijajua, mama alikuwa ameshaipua mzunguko wa tatu na anga limeanza kupauka.

Hiyo ikawa kanuni yetu, ingawa hakuna aliyeiita kanuni. Naanza mandazi ya kwanza yakitumbukia, naacha ya mzunguko wa tatu yakitoka. Shuleni insha ilikuwa na mwanzo, kati na mwisho, na ilikuwa lazima uvijue vyote kabla hujaanza. Pale kibandani sikujua chochote. Mama aliitazama kalamu, hakuyatazama maneno. Alijua kusoma, ila alfajiri macho yake yalikuwa ya mafuta na moto tu. Nilipomaliza, niliirudisha karatasi kwenye rundo pamoja na nyingine, naye akafungia. Watu wakaenda nazo. Haikunipitia akilini kuziweka.

Sasa niwaambie kuhusu baba.

Baba alikuwa fundi wa baiskeli. Aliondoka nikiwa mdogo, kabla sijaanza shule, na ninachokikumbuka zaidi ni vidole vyake, vinavyonuka grisi na ile gundi ya kubandika pancha. Alisema anakwenda Bungoma kutafuta kazi, na kwamba kazi ikiisha atarudi. Nilipomuuliza mama, alinijibu kila mara kwa sauti ile ile, bila hasira na bila kuongeza neno: "Baba yako ako Bungoma. Anatengeneza baiskeli." Wakati huo bodaboda za Bungoma zilikuwa baiskeli, mji mzima ukibebwa kwa miguu ya vijana. Basi nikaona waziwazi tatizo lilikuwa nini. Nilimwona baba amekaa kwenye kiti kifupi, na mbele yake foleni ya baiskeli mbovu, ndefu, inayopinda mpaka isionekane mwisho. Akimaliza moja, nyuma zinaongezeka mbili. Sikumkasirikia. Nilizikasirikia baiskeli.

Kila asubuhi, kukiwa bado na giza kidogo, gari la mikate lilisimama mbele ya kibanda chetu. Lilitoka kwenye tanuri la mikate mjini, likaelekea Kiminini, Kamukuywa na kuendelea mpaka Bungoma, likigawa madukani. Dereva wake aliitwa Maina, kijana wa watu waliohamia huku kwetu Trans-Nzoia kutoka katikati ya nchi tangu enzi za babu yake, mrefu, mwenye koti jeupe la kazi lililomfupia mikono. Mimi nilimwita Anko. Mama alimcheka sana.

"Maina, umebeba mikate gari nzima na unakuja kula mandazi?"

"Mama Nekesa, ukilala na mikate, ukaamka na mikate, utaitaka kweli?"

Asubuhi moja alinunua mandazi yake, akayaweka mbele ya usukani karibu na kioo, akawasha gari. Taa ya ndani ilikuwa imewaka. Nikaiona karatasi yangu. Mwandiko wangu ulikuwa juu, umegeukia kioo, na gari likaondoka nao kuelekea Bungoma.

Sidhani nilisikia lolote darasani siku ile. Nilikuwa nimegundua njia. Kumbe wakati wote huo maneno yangu yalikuwa yakisafiri. Mtu mmoja angekula mandazi, angeitupa karatasi, upepo ungeisogeza, na baba, akiinua macho kutoka kwenye baiskeli moja kabla ya kuvuta nyingine, angeiona. Kesho yake nikaanza kuandika jina langu chini ya kila ukurasa. *Nekesa.* Sikumwandikia barua. Sikujua barua inaanzaje, na tena kanuni haikuruhusu kupanga. Niliandika kile kilichokuja, kama kawaida, ila sasa kila kilichokuja kilikuwa na mtu wa kukisoma.

Wiki kadhaa zikapita ndipo nikapata ujasiri.

"Anko, Bungoma unamjua fundi wa baiskeli anaitwa Simiyu?"

Maina akacheka. "Bungoma nikiita Simiyu, watageuka watu ishirini. Huyo ni wako?"

"Ni baba."

Aliacha kucheka. Alitazama kibandani, mama alikuwa ameinama akipuliza moto. Kisha akaitazama karatasi iliyofungia mandazi yake, akaikunjua kidogo, akaona mwandiko.

"Hii ni wewe unaandika?"

"Eeh. Unaweza kumpelekea?"

"Nitamtafuta," akasema.

Siku ya kwanza alisema hakumpata. Siku ya pili pia. Siku ya tatu alishuka garini, akanitazama usoni, na nadhani aliona jinsi nilivyosimama, kwa sababu alisita kidogo kabla ya kusema, "Nimempata."

"Amesoma?"

"Amesoma."

"Akasema nini?"

Maina alikuna shingo. "Alicheka," akasema. "Alicheka sana."

Sijui nitawaelezaje. Kuna watu waliopewa mashamba wasifurahi vile. Nililibeba neno hilo kwa miezi. *Alicheka.* Nilijaribu kukumbuka kicheko cha baba na sikuweza, kwa hiyo nikamtengenezea kimoja, cha chini chini, kinachoanzia tumboni. Kuanzia siku hiyo sikukosa hata asubuhi moja. Nilipougua malaria niliandika nimejifunga blanketi, herufi zikipanda na kushuka. Jumapili gari la mikate halikuja, nami niliandika ukurasa wa Jumapili nyumbani kabla ya kanisa, Jumatatu nikampa Maina mbili. Ukurasa ulikuja na watu nisiowajua: mwalimu aliyemeza filimbi, mvua iliyopotea njia ikanyesha ndani ya nyumba za mabati badala ya nje. Sikukaa kutafuta vichekesho. Mkono ulivitafuta wenyewe ukijua kuna mtu Bungoma anavingoja. Na kila asubuhi Maina aliniambia neno moja au mawili. Amesoma. Amecheka. Amesema ile ya jana ilikuwa kali.

Likizo ya Agosti, mama aliniambia tunakwenda Bungoma kumwona baba.

Nilidhani kazi imeisha. Nilidhani tunakwenda kumsaidia kubeba vitu. Mama alikuwa akinisuka nywele wakati aliponiambia, na sikuuona uso wake, ila nilisikia vidole vyake vikikaza kuliko kawaida.

"Kuna kitu anafaa kukuambia," alisema. "Nataka akuambie mwenyewe. Sitaki ikuwe ni mimi."

Bungoma kulikuwa na joto. Hicho ndicho kitu cha kwanza kilichonishangaza, kwamba nilikuwa nimevaa sweta na kila mtu alinitazama. Tulikwenda moja kwa moja mpaka nyuma ya soko, na mama hakuuliza njia. Baba alikuwa kivulini chini ya mabati mawili yaliyoegemezwa ukutani. Amekaa kwenye kiti kifupi kama nilivyomwona akilini, amezamisha mpira wa gurudumu kwenye karai la maji, akitafuta mapovu. Lakini hakukuwa na foleni. Kulikuwa na baiskeli moja tu, imepinduliwa magurudumu juu, na mwenye baiskeli amelala pembeni akimngojea.

Baba aliinua macho. Alimtazama mama kwanza, kisha mimi.

"Nekesa," akasema. "Umekuwa mkubwa."

Alifuta mikono kwenye suruali mara nyingi kabla ya kunisalimia. Alimtuma mtu soda. Nyuma yake, ndani ya tairi kubwa lililolazwa chini, alikaa mtoto wa kike wa kama miaka miwili, ameshika pampu, akinitazama bila kupepesa. Nilimwona. Sikumfikiria.

"Mwambie," mama akasema. Alibaki amesimama.

"Wacha mtoto akunywe soda kwanza."

"Mwambie, Simiyu."

Mimi ndiye niliyesema kwanza. Nilikuwa nimelingoja jambo langu kwa miezi, na sikuweza kungoja lao.

"Baba, ulisoma zangu?"

"Nini?"

"Karatasi. Zile Anko Maina analeta. Za mandazi."

Baba alimtazama mama, na mama akanitazama mimi, na niliona kwamba yeye hajui ninachosema. Baba akashusha macho mahali fulani kati ya miguu yangu na chupa ya soda. Kisha akatabasamu.

"Aah, zile. Nilisoma."

"Zote?"

"Zote."

"Hata ile ya punda aliyeenda kanisani?"

"Hiyo!" akasema baba, na akapiga goti. "Hiyo ilikuwa nzuri sana."

Sikuwa nimeandika punda yeyote.

Nimejiuliza miaka mingi kama ule ulikuwa mtego. Sidhani. Mtoto wa miaka kumi hatengenezi mtego wa namna ile. Punda alikuja tu, kama vitu vilivyokuja alfajiri, mdomo ukamsema kabla sijamfikiria. Lakini alipokwisha kutoka, alisimama pale katikati yetu, na sikuweza kumrudisha. Nilimtazama baba akitabasamu na nikajua. Nadhani naye alijua kwamba nimejua, maana tabasamu lilibaki usoni lakini macho yakaondoka.

Ndipo akaniambia. Kwamba yeye sasa amekaa huku. Kwamba yule mtoto ndani ya tairi ni dada yangu. Alisema polepole, kwa sauti ya mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali.

"Umesikia?" mama akaniuliza.

"Nimesikia."

Baba hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke. Kabla hatujaondoka aliona ndala yangu imekatika kamba, nimeifunga kwa uzi. Aliniambia niivue. Akakata kipande cha mpira wa baiskeli, akakisugua, akakipaka gundi, akakipuliza, akakishona kwa waya mwembamba, akavuta kwa nguvu kuona kama kitashika. Alifanya kazi ile kwa makini kiasi kwamba alinisahau. Nilisimama kwa mguu mmoja nimemshika bega ili nisianguke, na harufu ile ya grisi na gundi ikanijia kama zamani. Kama kuna dakika ninayoiomba irudi katika maisha yangu na baba, si ile ya kicheko nilichomtungia. Ni ile. Ilikuwa fupi, na ilikuwa ya kweli.

Tulipokuwa tukirudi, tumeshapita Kamukuywa, mama alinigeukia.

"Karatasi gani?" akauliza.

Nikamweleza yote. Alisikiliza akitazama mashamba ya mahindi.

"Mimi nilikuwa najua unaandika ndio usilale," akasema hatimaye. Alirudia tena, kwa sauti ndogo zaidi, kana kwamba anajiambia mwenyewe, kisha akanivutia kwapani mwake.

Asubuhi iliyofuata nilikaa kwenye kreti, karatasi juu ya goti, kalamu mkononi. Mandazi yakatumbukia. Sikuandika. Mama aliitazama ile kalamu iliyosimama, akajua wazi kwamba sijalala, akageuka akaendelea na moto. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Nilikuwa macho kabisa, macho kuliko nilivyowahi kuwa, na hakuna kitu kilichokuja. Maina alipofika nilikwenda nyuma ya kibanda nikajifanya nakusanya magunzi. Mama alimfungia mandazi kwa karatasi iliyo tupu upande mmoja.

Hakuna hata karatasi moja iliyobaki kati ya zote nilizoandika pale. Nilipofiwa na mama nilitafuta kila mahali: chini ya godoro, kwenye sanduku la vitambaa, ndani ya Biblia yake. Nilitarajia, kama watoto wote tunavyotarajia, kwamba alinifichia japo moja. Hakuwa nayo. Zilikuwa za kufungia mandazi na alifungia mandazi, na mandazi yale ndiyo yaliyonisomesha. Baba bado yuko hai, amezeeka, tunapigiana simu sikukuu. Maina sijui aliko. Mwaka mmoja tanuri lile lilileta gari jingine na dereva mwingine, mtu wa kimya aliyekula mikate yake mwenyewe, na nilipouliza, aliniambia tu kwamba Maina ameacha kazi. Nimeuliza tangu hapo kwa watu wengi. Mtu anayeitwa Maina, aliyewahi kuendesha gari la mikate. Mnaweza kufikiria majibu ninayopata.

Lakini asubuhi ninayoitamani kuliko zote ilikuwa ya nne baada ya safari ile. Ukungu ulikuwa mzito, hata taa za gari zilionekana kama viini vya mayai. Maina alishuka. Safari hii hakwenda kwa mama. Alikuja nyuma ya kibanda nilipokuwa nimechuchumaa.

"Nekesa, sasa. Siku tatu hakuna kitu?"

"Hukumpa," nikasema.

Aliitazama barabara ya Bungoma.

"Tulienda Bungoma. Hajui karatasi yoyote. Hukumpa hata moja."

Alichuchumaa mbele yangu, magoti yake marefu yakafika kifuani kwangu. Alivua kofia yake. Sikuwa nimewahi kumwona mtu mzima akiwa na aibu mbele yangu, nikadhani anaumwa.

"Sikumpata," akasema. "Nilitafuta, haki ya Mungu. Siku mbili. Nimeuliza kila fundi pale sokoni. Simiyu mmoja alinifukuza akidhani nimetumwa na askari wa kanjo. Halafu nikirudi nakukuta umesimama hapo na hiyo sweta. Ningekuambia nini?"

"Ulisema alicheka."

"Eeh."

"Hakucheka."

"Hakucheka," alisema Maina. Aligeuza kofia mikononi. "Ni mimi nilicheka. Nilikuwa nasimamisha gari hapo mbele kwa daraja ndio nisome. Kila siku. Nikifika Kiminini nimechelewa, wenye maduka wananitukana."

"Unadanganya tena."

"Sidanganyi."

"Ni gani ilikuchekesha?"

Nilimuuliza nikiwa na uhakika kwamba hatajua. Nilikuwa nimejifunza Bungoma namna ya kuuliza. Maina akainuka, akapandisha mikono ya koti lake, na akaanza. Alinisimulia habari za gunia la mahindi lililopanga foleni ya kuuzwa kule kwenye maghala ya nafaka, siku tisa juu ya lori, mpaka likachoka, likateremka, likaamua kurudi shambani kwa miguu. Alitembea kama gunia, miguu pamoja, akiyumba. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Niliiandika siku nyingi nyuma, upesi, nusu usingizini, na haikuacha alama yoyote kichwani mwangu. Lakini nilipoisikia kinywani mwake, kwa Kiswahili changu mwenyewe, na makosa yangu, niliitambua kama mtu anavyoitambua sauti ya nyumbani kwao.

"Basi gunia likafika Ndalu," akasema, "likakutana na mwenye shamba, likamsalimia..."

"Hapana," nikamkatiza. "Halikumsalimia. Lilijifanya ni mama mjamzito, likapita."

Maina akacheka. Kicheko chake hakikuanzia tumboni kama kile nilichomtungia baba. Kilikuwa chembamba, cha juu, kama cha mtu anayetekenywa, na mama akachungulia kutoka kibandani, mwiko mkononi, kuona kuna nini. Gari lilikuwa limejaa mikate ya moto. Kulikuwa kumeshapambazuka, na mwenzake wa kupakua mikate, aliyebaki ndani ya gari, alikuwa amechoka kungoja. Alipiga honi mara moja, kisha mara mbili, kisha akaikandamiza bila kuiachia.

Maina alimwinulia mkono bila kugeuka.

"Ngoja, bana," akapaza sauti. "Gunia bado halijafika nyumbani."